Kutafuta Mkuu wa Taaluma: Mazimbu Walijifunza Nini?

Ikifika Novemba, magazeti yetu hujaa tangazo la aina moja. Shule binafsi ya kutwa, ya mchanganyiko wa wavulana na wasichana, inatafuta mkuu wa taaluma. Awe na shahada ya ualimu, awe amefundisha si chini ya miaka mitano, awe mwadilifu, ajue kompyuta, na awe tayari kufanya kazi bila kusukumwa. Ukizunguka Morogoro mjini, kuanzia Kihonda hadi Bigwa, utaona mabango ya shule za namna hiyo yamesimama karibu kila kona.

Nina tabia ya kuyasoma matangazo haya mpaka nukta ya mwisho. Yanaeleza kwa kirefu mtu anayetakiwa, lakini hayasemi lolote kuhusu mamlaka atakayokuwa nayo. Je, huyo mkuu ataweza kumwondoa mwalimu anayeingia darasani bila andalio la somo? Ataweza kumkatalia mwenye shule anayetaka mtoto wa rafiki yake apandishwe kidato? Akisema "hapana", hapana yake itasimama hadi saa ngapi?

Mnaweza kudhani hili ni swali la shule hizi mpya za siku hizi. La hasha! Morogoro imeshalijibu swali hili kwa namna mbalimbali, na mara moja ililijibu kwa gharama kubwa sana. Ndiyo historia ninayotaka tuiangalie leo.

Tuanze na Kilakala. Wengi tunaifahamu kama shule ya serikali ya wasichana, tena yenye jina. Kabla ya hapo iliitwa Marian College, na ilikuwa mikononi mwa masista wa Maryknoll kutoka Marekani. Gertrude Mongella, aliyekuja kuwa katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 na baadaye rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, alisoma pale baada ya kutoka kwao Ukerewe. Enzi hizo hakukuwa na tangazo gazetini. Shirika la masista lilimtuma mmoja wao, naye akawa mkuu. Alijua anawajibika kwa nani, na wazazi walijua malalamiko yapelekwe wapi.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970. Shule za mashirika ya dini zikawekwa chini ya serikali. Kuanzia hapo mkuu wa shule alikuwa mtu wa kupangiwa kituo. Barua inatoka wizarani, mtu anafunga mizigo, anapanda basi. Hakuchaguliwa na walimu wala wazazi, lakini naye alijua bosi wake ni nani. Masista na serikali walitofautiana kwa mengi. Kwa hili moja walifanana: anayemteua mkuu ndiye aliyempa rungu, na rungu lenyewe lilikuwa moja.

Sasa twende Mazimbu, pembezoni mwa mji huohuo, ambako rungu lilishikwa na mikono mingi.

Mnaikumbuka Juni 16, 1976? Wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans, polisi wakawapiga risasi. Miezi iliyofuata vijana kwa maelfu walivuka mipaka kuingia Botswana, Swaziland, Lesotho na Msumbiji. Wengi walitaka bunduki wakapigane. Lakini baadhi walikuwa na umri wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. ANC, chama kilichokuwa uhamishoni, kikajikuta na watoto mikononi. Utafanya nini na watoto? Utawafungulia shule.

Serikali ya Tanzania ikawapa ardhi mwaka 1977: shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu. Morogoro haikuwa ngeni kwa ANC. Makao yao yalikuwa hapa katika miaka ya 1960, na mkutano wao mkubwa wa mwaka 1969 bado unaitwa Mkutano wa Morogoro. Masomo yalianza mwaka 1978 katika majengo chakavu ya shamba. Aprili 6, 1979 utawala wa makaburu ulimnyonga kijana Solomon Mahlangu, akiwa na umri wa miaka 22, na shule ikapewa jina lake: Solomon Mahlangu Freedom College. Watu wakaifupisha, SOMAFCO.

Shule ilikuwa ya mchanganyiko, na haikuwa chini ya wizara yoyote. Haikuwa ya kutwa, maana watoto wale hawakuwa na nyumbani pa kurudi jioni. Fedha zilitoka kwa marafiki wengi: Sweden, Norway, Denmark, Uholanzi na wengineo, pamoja na nchi za kambi ya kijamaa. Mabweni yakajengwa, maabara, chekechea, shule ya msingi, hospitali, shamba na karakana. Oliver Tambo alipokuja kuifungua rasmi Agosti 1985, palikuwa mji mdogo.

Kwa hiyo ardhi walipata, fedha walipata, wanafunzi walikuwa nao wa kutosha. Kilichokuwa kigumu kupatikana ni watu wa kuiongoza.

Kwanza, makaburu wenyewe walikuwa wameua uwanja wa kuwatafutia watu hao. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 ilitengenezwa ili Mwafrika asifundishwe zaidi ya kazi za chini. Robo karne baadaye, walimu weusi wa hisabati na sayansi kutoka Afrika Kusini walikuwa wachache mno, na walio uhamishoni wachache zaidi. Tambo mwenyewe alikuwa mwalimu wa hisabati na sayansi pale St Peter's, Johannesburg, kabla hajawa mwanasheria. Lakini Tambo alikuwa anaongoza chama kizima. Kila mwenye sifa ya kuongoza shule alitakiwa pia mahali pengine: Lusaka, London, Umoja wa Mataifa.

Pili, kazi yenyewe ilikuwa kazi tatu ndani ya moja. Mkuu wa SOMAFCO alitakiwa awe mwalimu anayejua silabasi na mitihani. Alitakiwa awe mzazi wa vijana walioona wenzao wakifa, wengine wakiwa hawajui kama mama zao wako hai. Na alitakiwa awe kada, mtu wa chama, mwenye msimamo usiotiliwa shaka. Hebu mtafute mtu huyo! Ukimpata mwalimu mzuri, utaambiwa siasa yake haijakaa sawa. Ukimpata kada imara, hajawahi kupanga ratiba ya vipindi.

Hapa inafaa kumkumbuka Mwalimu wetu. Nyerere alikuwa anafundisha Pugu, shule ya wamisionari, huku akiongoza TANU. Mwaka 1955 ilibidi achague moja, chaki au siasa. Akaacha chaki. Miaka 23 baadaye, mwendo wa saa chache kutoka Pugu, mkuu wa shule aliambiwa kinyume chake: shika vyote viwili, na mkono usitetemeke.

Mkuu wa kwanza alikuwa Wintshi Njobe. Kazi yake ilikuwa kuanzisha kila kitu kutoka sifuri, na kuanzisha na wanafunzi ambao si wa kawaida. Wale vijana wa 1976 walikuwa wamejitoa uhai kupinga mamlaka ya shule. Walimu walikuwa wamewaona kama vibaraka wa serikali. Leo unawaambia: nyamazeni, fungueni daftari, mwalimu amesema. Ilihitaji moyo. Wengine walichukia kazi za mikono, kwa sababu kwao kushika jembe kulikuwa na harufu ya ubaguzi waliokimbia, wakati falsafa ya shule ilisema kichwa na mkono viende pamoja. Wengine waliiona shule kama kituo tu cha kusubiri nafasi ya masomo ng'ambo.

Shule ilivyokua, uongozi ukagawanywa. Mohammed Tikly akawa mkurugenzi kuanzia mwaka 1982 hadi 1987, akisimamia elimu yote kuanzia chekechea. Tim Maseko akawa mkuu wa sekondari katika miaka hiyo ya 1980. Kwa maneno ya leo, mmoja meneja, mwingine mkuu wa taaluma. Ulikuwa uamuzi wa busara, na shule nyingi za binafsi nchini zimefika hapohapo bila kujua kuwa Mazimbu waliwatangulia.

Lakini kugawa vyeo hakukumaanisha kugawa mamlaka. Juu ya hao wawili ilikuwepo idara ya elimu ya chama. Fedha ziliamuliwa na mweka hazina mkuu, Thomas Nkobi, ambaye hakukaa Mazimbu. Wafadhili nao walikuwa na macho yao. Ndani ya eneo kulikuwa na uongozi wa kisiasa wa chama, na kulikuwa na watu wa usalama, kwa sababu hofu ya majasusi wa makaburu ilikuwa ya kweli. Mwanafunzi akikosa nidhamu, je, ni suala la shule au la usalama? Mwalimu akipata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya katikati ya muhula, nani wa kumzuia? Walimu wengi walikuwa vijana waliopangiwa pale kwa muda tu, akili zao zikiwa kwenye shahada inayofuata. Mkuu wa taaluma unaandaa azimio la kazi la mwaka mzima, ikifika Juni nusu ya walimu wako wameondoka.

Mwaka mmoja hasa unaonyesha ubaya wa kuteua mkuu kwa sababu zisizohusu shule. Ni 1985.

Andrew Masondo alikuwa msomi wa kweli. Alifundisha hisabati Chuo Kikuu cha Fort Hare, kisha akafungwa miaka kadhaa Robben Island. Alipotoka na kwenda uhamishoni, akawa kamisaa mkuu wa kisiasa wa chama. Ni katika kipindi chake ndipo ANC ilipoanzisha Quatro, kambi ya kizuizini kaskazini mwa Angola. Mwaka 1984 wapiganaji waliokuwa Angola waliasi. Juni 1985, kwenye mkutano wa Kabwe, Zambia, Masondo alipoteza nafasi yake katika halmashauri kuu. Kisha akapelekwa kuongoza SOMAFCO. Tume zilizoundwa na ANC yenyewe, ya Skweyiya mwaka 1992 na ya Motsuenyane mwaka 1993, zilithibitisha kuwa watu waliteswa katika kambi zile.

Tafakari kidogo. Kwa vigezo vya tangazo la gazetini, Masondo angepita bila kupingwa. Mhadhiri wa hisabati! Uzoefu wa uongozi! Uzalendo uliolipiwa kwa miaka ya jela! Lakini hakupelekwa Mazimbu kwa sababu Mazimbu ilimhitaji. Alipelekwa kwa sababu chama kilikuwa kinatafuta mahali pa kumweka. Sisi Watanzania tunayo lugha nzuri ya jambo hili, tunasema mtu "amepangiwa majukumu mengine". Mwaka 1989 baadhi ya waliowahi kufungwa Angola walifika Dakawa, kituo kingine cha ANC mkoani humuhumu Morogoro. Fikiria walivyojisikia kusikia ni nani aliyekuwa amekabidhiwa watoto wa shule.

Sisemi SOMAFCO ilishindwa. Watoto wa wakimbizi walifundishwa sayansi katika maabara halisi, wakati kwao walitengewa elimu ya utumishi. Walikuwa na somo la maendeleo ya jamii za binadamu, lililowaeleza historia bila kumwanzia Mzungu. Wengi walitoka pale wakaenda vyuo vikuu duniani kote. Ndiyo maana naona inatufundisha. Shule iliyofeli kabisa haina la kumwambia mtu. Shule iliyofanya mazuri mengi huku ikivuja mahali pamoja, hiyo inakuonyesha tundu liko wapi.

Na tundu lilikuwa hili: mkuu alibeba wajibu wote, kauli wakawa nayo wengine.

Wenyeji wa milima ile inayoonekana ukisimama Mazimbu wanalielewa jambo hili vizuri kuliko wasomi wetu. Kwa mila ya Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama. Baba anaishi na mtoto, anamlisha, anamrudi, lakini katika mambo mazito ya ukoo na ardhi, mjomba ndiye mwenye kauli. Mfumo huo umedumu kwa sababu kila mtu anaujua tangu mwanzo. Baba anajua mpaka wake, mjomba anajua wake, mtoto anajua amwendee nani kwa lipi. Balaa huanza pale baba anapoambiwa "mtoto ni wako kwa kila kitu", halafu wajomba watano wanatokea mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na amri yake. Mazimbu mkuu wa shule alikuwa baba mwenye wajomba wasiohesabika.

Na shule zetu binafsi za leo? Mwenye shule ni mjomba. Mke wa mwenye shule, anayekaa na mhasibu, ni mjomba. Mwenyekiti wa bodi ni mjomba. Mzazi anayelipa ada ya watoto watatu kwa mkupuo ni mjomba. Mkuu wa taaluma akija Januari na mipango yake, ikifika Pasaka ameshajifunza kunyamaza. Disemba anafunga virago, na Novemba ile ile tangazo lilikuwa limesharudi gazetini. Halafu tunasema "walimu wa siku hizi hawatulii"!

Kuna jambo jingine ambalo shule ya mchanganyiko haiwezi kulikwepa, na Mazimbu hawakulikwepa. Wasichana walipata mimba. Utaratibu wao ulikuwa kumwondoa mama darasani kwa muda akalee mtoto, kisha kumruhusu arudi kusoma. Kulikuwa na makazi ya akina mama na kituo cha watoto kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke. Haukuwa utaratibu usio na lawama, kwa sababu miaka ya kusubiri iliwaangukia wasichana. Lakini mlango wa kurudi ulikuwepo, miaka ya 1980, mkoani Morogoro. Katika shule zetu mlango huo ulifunguliwa rasmi Novemba 2021. Miaka yote hiyo katikati, wasichana wetu walifukuzwa, na kwa kila aliyefukuzwa kulikuwa na mkuu wa shule aliyesaini barua. Kwa hiyo unapomsaili mtu anayetaka kuongoza shule ya wavulana na wasichana, usiishie kumuuliza ufaulu wa hisabati. Muulize atafanya nini siku binti wa kidato cha tatu atakapoingia ofisini kwake analia.

SOMAFCO ilifungwa mwaka 1992, baada ya milango ya Afrika Kusini kufunguka. Majengo yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania Julai mwaka huo. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya waliofia uhamishoni bado yapo palepale. Wanafunzi wanapita kwenda kwenye vipindi, wengi bila kujua kuwa chini ya paa zile watu wazima waliwahi kubishana usiku kucha juu ya swali ambalo kila bodi ya shule inalikwepa.

Kama ningeitwa kuishauri bodi ya shule moja ya kutwa pale Kihonda, ningewaambia mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kuandika sifa za mtu, andikeni mipaka yenu ninyi. Orodhesheni mambo ambayo mkuu wa taaluma ataamua na hayatatenguliwa na yeyote: nani apande kidato, nani afundishe nini, mtihani utungwe vipi. Mkishindwa kukubaliana hata mambo matano, msitangaze kazi. Mtampotezea mtu muda.

Pili, msimchukue mtu kwa sababu anatafutiwa mahali pa kukaa. Shemeji aliyestaafu, mchungaji aliyegombana na usharika, ofisa aliyeondolewa wilayani... hao wanaweza kuwa watu wema kabisa. Lakini watoto watajua kuwa mkuu wao aliletwa kwa sababu zisizowahusu. Watoto hujua.

Tatu, mpeni muda unaozidi matokeo ya mtihani mmoja. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na bado bodi nyingi zinamhukumu mkuu kwa karatasi moja ya matokeo ya Januari. Kijana aliyeingia kidato cha kwanza siku mkuu anaanza kazi atafanya mtihani wa kidato cha nne miaka minne baadaye. Ukimfukuza mkuu mwaka wa pili, umepima kazi ya aliyemtangulia.

Mazimbu walikuwa na kisingizio. Walikuwa vitani, mbali na kwao, adui akiwatumia majasusi na mabomu ya barua. Chama kililazimika kushika kila kamba. Sisi tuna amani, tuna walimu wenye shahada wanaotembea na bahasha za kaki mitaani, tuna wazazi wanaouza shamba ili walipe ada. Kisingizio chetu ni kipi?